Mkanda uliopakwa siraje pande mbili

Jumapili, saa tatu asubuhi. Misa ya kwanza imekwisha, na njia inayopita nyuma ya stesheni ya reli ya Kamina, kusini mwa Kongo, imejaa watu wenye nguo safi. Mmoja wao, mwanamume mrefu mwenye suruali iliyopigwa pasi, anakata kona, anatazama nyuma kama mtu aliyeiba kuku, kisha anajipenyeza ndani ya karakana ya Suzanne Mujinga. Chini ya shati amejiviringishia kitu kiunoni.

Anakifungua. Ni mkanda wa kubebea bunduki, mweusi, unang'aa kuliko viatu vyake vya kanisani.

"Leta," anasema Suzanne bila kumsalimu. "Na uikale pale ku kiti. Usiniambie uko na haraka. Haraka njo ilituleta apa."

Anaugeuza mkanda, anauegemeza gotini, anachukua kipande cha chupa kilichovunjika na kuanza kukwangua. Utando mweusi wa siraje, ile rangi ya viatu, unatoka kwa vipande na kuangukia aproni yake. Chini yake ngozi inaanza kuonekana, ya kahawia, yenye malaika, vinyweleo laini, kama shavu la mtoto.

"Angalia huu uchafu!" anafoka. "Ngozi ilikuwa inashika bega muzuri. Sasa inateleza sawa samaki. Nani alibaambia mupake siraje ku ndani?"

"Maman, unamujua."

"Ninamujua. Minyi nataka useme jina."

Mwanamume anatazama mlango. Jina halitamki. Ni mlinzi katika shamba kubwa la mahindi na ng'ombe lililoko njia ya Kaniama, na kesho Jumatatu atapanga mstari mbele ya mtu huyohuyo asiyetaka kumtaja. Ni mlinzi wa tisa kuja hapa kwa kujificha. Shambani wamebaki ishirini na watatu.

Suzanne ana miaka hamsini na mmoja. Hushona mifuko ya shule na mikanda ya suruali pia, lakini hiyo, anasema, ni ya kununulia chumvi. Jina lake limejengwa na mikanda ya bunduki: ya wawindaji wenye kibali wanaotoka vijiji vya njia ya Kabongo, na ya walinzi wa mashamba wanaofukuza nyani na nguruwe mwitu kwenye mahindi. Ni jina hilo linalopakwa matope sasa, baada ya ajali ya mwezi wa sita.

Mlinzi mmoja wa shamba hilo, Ngandu, alipoteza vidole vitatu bunduki ilipomteleza begani na kufyatuka. Shamba linamtaka Suzanne asaini karatasi inayosema kwamba mkanda aliomshonea ulikuwa na kasoro. Alhamisi ijayo wote wanaitwa mbele ya mkaguzi wa kazi. Suzanne akisaini, lawama yote itahamia kwake, wakubwa watanawa mikono, na Ngandu atabaki kudaiana na mwanamke mwenye sindano na kipande cha chupa.

Ndiyo maana asubuhi hii hana simile na mtu.

Kabla mlinzi hajaondoka, anaingia mteja mwingine. Huyu ni Jéthro, mkulima wa miaka kama arobaini, mwindaji wa kanga na digidigi, ambaye mkanda wake wa kamba ya nailoni umemtoboa bega miaka miwili. Amevaa shati jembamba la Jumapili. Anaonyesha kwa kidole mkanda wa mlinzi, sehemu ambayo bado haijakwanguliwa.

"Wakomapo, maman," anasalimia kwa Kiluba. "Minyi nataka sawa ule. Ule wa kung'aa."

Kosa kubwa. Suzanne anaweka kipande cha chupa chini taratibu, kama mtu anayeepuka kumkata mwenzake.

"Unaenda kuwinda ao unaenda kuoa?"

Mlinzi anacheka kwa mara ya kwanza. Jéthro anacheka pia, kidogo, akiona mwenzake anacheka.

"Shati hii njo unavaa mu pori?" Suzanne anaendelea.

"Hapana. Mu pori navaa koti ya mvua."

"Koti iko wapi?"

"Iko ku nyumba."

"Basi bega yako pia iko ku nyumba. Rudia kesho na koti, na ile mufuko unabeba ku mugongo, na bintu byote ndani. Bila vile siuzishi."

Ndivyo anavyofanya kazi, na mjini watu wanamjua kwa ukaidi huo. Hauzi mkanda kwa mtu aliyetumwa. Mke hawezi kumnunulia mume. Mwaka juzi alimrudisha mwalimu mmoja aliyetaka kumpelekea baba mkwe mkanda wa zawadi, akamwambia ampelekee sukari.

Upana, anaeleza, hupimwa kwa vidole. Vidole viwili ni kamba ya mbuzi, utakula nyama ya bega kabla ya saa sita. Vidole vinne ni vingi kwa mtu mwembamba, utajikunja katikati na kuwa kamba vilevile. Vidole vitatu ndivyo anavyoanzia, kisha anamtazama mtu.

Urefu hupimwa kwa mwendo. Mkanda ukiwa mrefu, kitako cha bunduki kitampiga mwenyewe nyuma ya goti kila hatua. Ukiwa mfupi, mdomo wa bunduki utapanda juu ya kichwa na kushika kila tawi. Kwa hiyo bakoli, kishikizo cha chuma cha kurefusha na kufupisha, ni lazima, kwa sababu bega la kiangazi si bega la masika. Pete za chuma anazivika ngozi zisigongane. Kanga anasikia pete kabla hajasikia mguu.

Lakini jambo la kwanza, linalotangulia hayo yote, ni upande.

"Ngozi iko na pande mbili," anasema, akiushika mkanda mbele ya macho ya Jéthro. "Upande wa manyoya, uu, ni laini. Unaangalia inje, unapendeza bantu. Upande wa nyama, uu wa ndani, uko na bulole, haya malaika, unakwaruza. Njo unashika koti. Ukiupaka siraje, umeuua."

Kisha anafanya jaribio lake. Kwenye kona kuna bomba la chuma lenye pete mbili zilizochomelewa, kilo tatu na nusu, karibu uzito wa bunduki ya kalibre kumi na mbili. Bunduki yenyewe haivuki kizingiti cha karakana hii, iwe na risasi au haina. Wenye nazo huziacha nyumbani. Anafunga mkanda kwenye bomba, anamvika Jéthro begani, anatupa msumari sakafuni.

"Okota."

Jéthro anainama. Sehemu inayokaa begani ikiwa bado haijakwanguliwa, bomba linamteleza na kumwangukia kwenye kiwiko. Anaguta kwa maumivu.

"Umeona kung'aa?" Suzanne anamuuliza.

Bomba hilo na msumari huo ni urithi. Baba yake, marehemu Émile Kyungu, alikuwa fundi wa viti vya mabehewa katika karakana za reli. Alishona viti vya abiria na ile mikanda ya ngozi iliyokuwa ikivutwa kupandisha vioo vya madirisha. Treni za abiria zilipoanza kupungua, na mshahara kuja ukitaka na kukaa ukitaka, alichukua mabaki ya mikanda ya madirisha na kuanza kuwashonea wawindaji.

Suzanne alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu alipoanza kumshikia uzi. Kaka zake wawili walienda kwenye injini. Yeye alipenda harufu ya ngozi.

"Papa alikuwa muntu ya kunyamaza," anasema. "Lakini muntu akikuja kuchukua mukaba bila kuokota musumari, alikuwa anapandisha sauti mupaka majirani banatoka. Alisema bunduki ya kuanguka haiulize ya nani."

Kwa miaka yote tangu baba yake afariki, Suzanne hakuivunja kanuni hiyo. Kisha mwaka jana, kabla ya mvua, akaivunja mara moja. Ni jambo analolisema kabla hajaulizwa, na analisema akiwa amekunja uso.

Aliyekuja siku hiyo ni Gamaliel, mkuu wa walinzi wa shamba. Walinzi wanamwita Komanda. Hajawahi kuwa askari hata siku moja, lakini amekulia karibu na kambi ya jeshi, na gwaride limemwingia damuni. Alitaka mikanda ishirini na minne, yote sawasawa, kwa wiki saba.

"Nilimuambia, Papa Gamaliel, lete bantu. Nibaone. Akasema bantu bako na kazi, fanya tu saizi moja, shamba iko inangoja. Nikamuambia hapana. Akatoka. Akafika pale ku barabara. Nikamuita."

Katika mwezi mzuri Suzanne huuza mikanda minane, kila mmoja faranga elfu thelathini na tano, na nusu ya hizo hurudi kwenye ngozi na uzi. Mwezi mbaya huuza miwili. Paa la karakana lilikuwa linavuja juu ya ngozi alizokwisha nunua, na ngozi iliyolowa na kuota ukungu ni ya kutupa. Alipiga hesabu za mtu mwenye paa linalovuja. Alishona mikanda ishirini na minne bila kuona bega hata moja.

Ilikuwa mikanda mizuri. Anayesema vinginevyo hajaishika. Uzi umepita mara mbili kwa sindano mbili, pete zimevikwa ngozi, upande wa nyama umeachwa na malaika yake. Mpaka leo hakuna hata mmoja uliofumuka.

Kisha yakaanza mambo ya Jumatatu.

Kila Jumatatu, saa moja asubuhi, walinzi wa shamba hupanga mstari mbele ya ofisi. Gamaliel anapita na kitambaa cheupe mkononi. Anafuta kiatu, anafuta bakoli, anafuta mkanda wa bunduki. Mwezi wa kwanza tangu mikanda ifike alifuta upande wa nje tu. Mwezi uliofuata, kwa akili zake mwenyewe, akaanza kugeuza mikanda na kutazama ndani. Akakuta ngozi ya kahawia, yenye malaika, haing'ai. Akaona ni uchafu.

"Alisema ndani pia ing'ae," anasimulia mlinzi mrefu, ambaye gazeti hili halitamtaja kwa sababu zinazoeleweka. "Alisema muntu mwenye kupaka inje tu ni muvivu. Asipong'aa, siku tatu hakuna kazi. Basi tulipaka. Tulipaka sana. Wengine tulipaka na mafuta ya ngazi juu, ishike rangi."

Suzanne anafumba macho anaposikia mafuta ya mawese. Hilo hakulijua mpaka leo.

"Mafuta ya ngazi," anarudia. "Yesu Maria. Mungepaka na sabuni kabisa."

Ngandu anafika saa nne na nusu, kama alivyoahidi. Ni mtu wa miaka thelathini na minne, wa ukoo wa wakulima ambao wamelima mihogo nje ya Kamina tangu mababu. Ameweka mkono wa kushoto mfukoni. Hautoi hata anaposalimia; anasalimia kwa ule wa kulia.

Siku ile ilikuwa Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, saa mbili asubuhi, mkaguo umekwisha. Mkanda wake ulikuwa umesifiwa. Gamaliel alikuwa ameushika na kuuonyesha kwa wenzake: hivi ndivyo mkanda unavyotakiwa kuwa. Ngandu aliondoka mstarini amevimba kichwa kidogo, anakiri mwenyewe, akaenda lindo lake kwenye lango la zizi la ndama.

Lango hilo hufungwa kwa mnyororo chini, karibu na ardhi. Aliinama kuufungua.

"Nilisikia bega yote imekuwa nyepesi," anasema. "Bunduki imetoka. Nikarusha mukono kuishika, sawa vile unashika mutoto akianguka. Nilishika ku mudomo ya bunduki. Nyundo ikapiga chuma ya lango. Ndani ilikuwa na risasi."

Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikwenda na marisawa, zile chembe za risasi. Kimebaki kidole gumba na cha shahada.

Hapa Suzanne anapandwa na hasira upya, na safari hii si kwa Gamaliel.

"Na weye!" anamwambia Ngandu, ingawa bila shaka amekwisha kumwambia mara nyingi. "Risasi mu bunduki, bunduki ku bega, unainama! Baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha, maman. Lakini Komanda alisema mu lindo risasi inaikala ndani. Nguruwe haingoje."

"Ungetoa. Ungetoa tu, ungemuambia umesahau."

"Ningefukuzwa."

"Na sasa uko wapi? Uko mu kazi?"

Ngandu anacheka kicheko kisicho na furaha. Amemwaga unga, na wote mle ndani wanajua. Wiki mbili baada ya kutoka hospitalini alipewa barua ya kuachishwa kwa uzembe. Hakuna mahali barua hiyo inapotaja siraje, wala kitambaa cheupe, wala amri ya kukaa na risasi ndani. Kwa barua hiyo, Ngandu alijipiga mwenyewe kwa kutojali.

Suzanne anammiminia chai kutoka kwenye chupa, anaikoroga sukari mwenyewe, kwa sababu kushika kikombe kwa vidole viwili huku unakoroga ni kazi, na anamwekea kikombe upande wa kulia.

"Kunywa," anasema. "Nilikuwa nakasirikia ile risasi."

"Najua, maman. Wafwako," anajibu Ngandu, akimshukuru kwa Kiluba.

Ngandu hakukubali barua. Alikwenda kwa mkaguzi wa kazi, akaandikisha malalamiko. Hapo ndipo hadithi ya shamba ilipogeuka. Jana ilikuwa uzembe wa mlinzi. Leo ikawa ubovu wa mkanda. Haikuwachukua hata wiki.

Gamaliel alirudi karakanani akiwa na pikipiki, tabasamu na karatasi ya Kifaransa iliyopigwa chapa vizuri. Ilisema kwamba mtiaji saini, Suzanne Mujinga, fundi wa ngozi, anakiri kwamba mkanda aliouleta ulikuwa na kasoro ya utengenezaji iliyosababisha silaha kuanguka. Chini kulikuwa na mstari wa kusaini. Juu ya karatasi, kwa mdomo, Gamaliel aliweka sukari yake: shamba lina maeneo mengine, linahitaji mikanda mingine sitini, na fundi ni yuleyule ikiwa fundi ni mtu wa kuelewana.

Sitini. Kwa Suzanne hayo ni mauzo ya miezi mizuri zaidi ya saba mfululizo. Ni paa jipya zima, si viraka tena, na cherehani ya kushonea ngozi nzito, kitu anachokiota tangu vidole vyake vilipoanza kuuma asubuhi.

"Nilimuuliza, mukaba ya kasoro, na unataka ingine makumi sita? Weye ni muntu ya namna gani?" anasimulia. "Akacheka. Akasema, mama, ni karatasi tu. Alisema vile mbele yangu. Vidole ya mutoto ya bantu, karatasi tu!"

Mtu mwingine angechana karatasi. Suzanne aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akafunga karakana. Siku ya pili alipanda pikipiki ya kukodi kwenda shambani, bomba la baba yake limefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Barabara ni ya vumbi, na anasema kila shimo lilimpiga kisogoni kwa chuma.

Meneja wa shamba, mtu wa makamo anayeitwa Hénoch, alimpokea ofisini. Gamaliel alikuwapo. Suzanne aliomba mkanda mmoja, wowote, uliopita mkaguo wa Jumatatu. Wakauleta. Aliufunga kwenye bomba mbele yao, akamwomba Komanda mwenyewe auvae, kwa kuwa ndiye anayejua mikanda inavyotakiwa kuwa. Gamaliel akauvaa, kifua mbele.

Suzanne akatupa msumari sakafuni.

"Nilimuambia, okota, papa. Akaangalia meneja. Meneja akasema okota. Akainama."

Bomba lilianguka kwenye vigae vya ofisi kwa kishindo kilichowatoa makarani milangoni. Kigae kimoja kikapasuka vipande viwili. Suzanne alitoa kipande cha chupa, akakaa kwenye kiti cha wageni, akakwangua mkanda uleule robo saa nzima huku siraje ikianguka kwenye vigae vyao. Akauvaa yeye mwenyewe na bomba lake, akaokota msumari mara tatu. Bomba halikusogea.

Wote waliokuwa chumbani waliona. Hakuna mwenye macho ambaye hangeona.

Meneja Hénoch alitazama mkanda. Akamtazama Gamaliel. Kisha akatazama chini na kuuliza nani atalipa kigae.

Suzanne anapofika hapo katika simulizi yake, anaweka kazi chini na kusimama. Anatembea mpaka mlangoni na kurudi.

"Kigae!" anasema. "Ngandu iko inje na mukono ya vidole viwili, na yeye analilia kigae!"

Tangu siku hiyo hakuna aliyemtumia habari. Mkaguo wa Jumatatu unaendelea. Kitambaa cheupe bado kinageuza mikanda. Walinzi walionong'onezwa habari ya ofisini ndio waliokuja, mmoja mmoja, Jumapili baada ya kanisa, mkanda chini ya shati. Suzanne anawakwangulia bure. Katikati ya upande wa nyama, pale panapokaa begani, anachoma kwa chuma cha moto maneno mawili: USIPAKE HUKU. Maneno hayo yanaonekana, na hilo ndilo analolitaka. Kila Komanda akigeuza mkanda, anayasoma.

Mlinzi mrefu anauchukua mkanda wake uliokwanguliwa na kuusoma. Anapitisha kidole juu ya herufi ambazo bado zina joto.

"Kesho atanifukuza siku tatu, sawa bale bengine," anasema.

"Siku tatu utalima ku nyumba, na mikono yako yote mbili," anamjibu Suzanne. "Bengine kumi na ine bako wapi?"

"Banaogopa, maman."

"Baambie minyi pia naogopa. Bakuje tu."

Hilo la kuogopa linaweza kumshangaza mtu aliyemsikia akifoka asubuhi nzima. Lakini Suzanne anaogopa Alhamisi. Hajawahi kukaa mbele ya mkaguzi wa aina yoyote. Shamba litakuja na mwanasheria. Wawindaji wawili waliokuwa wameagiza mikanda wameahirisha, "kwanza tuone kesi." Binti yake Élisa, anayefundisha shule ya msingi, amemshauri anyamaze kabisa: aseme mkanda ni mzima, basi, arudi nyumbani.

Hataki. Na hapa ndipo hasira ya Suzanne inapotofautiana na hasira za kila siku, kwa sababu haikumsahau yeye mwenyewe.

Kwenye meza, chini ya gunia la uzi, anatoa karatasi mbili. Ya kwanza ni ile ya Gamaliel, safi, ya Kifaransa, mstari wa saini bado mtupu. Ya pili ni ukurasa wa daftari la shule. Ameuandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili cha hapahapa, kwa herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la sita. Anampa Ngandu ausome kwa sauti, kwa sababu anasema akiusoma mwenyewe atalia, na leo hataki kulia.

Ngandu anasoma polepole, karatasi imebanwa kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Minyi Suzanne Mujinga, fundi. Nilishona mikaba makumi mbili na ine. Sikuona bega hata moja. Sikuambia hata muntu mumoja asipake siraje ku upande wa nyama. Niliwaza banajua. Papa yangu angeniuliza, na minyi sina la kumujibu. Ile njo kosa yangu. Uzi yangu haikukatika. Pete yangu haikufunguka. Siraje haikuwa yangu. Amri haikuwa yangu. Risasi haikuwa yangu."

Jéthro, aliyeambiwa arudi kesho na koti, bado amesimama mlangoni akijisugua kiwiko. Mlinzi mrefu ameinamisha kichwa kama yuko bado kanisani.

"Maman," anasema Ngandu, "ukileta hii, batasema umekubali."

"Nimekubali ile ya kweli."

"Bataichukua hii ya kweli, bakulipishe nayo."

"Banaweza."

Anaichukua karatasi mkononi mwa Ngandu. Anatafuta kalamu kwenye kopo la sindano, anaijaribu kwenye kiganja, kisha anaegemea meza na kusaini chini ya maneno yake, herufi kwa herufi, jina zima. Karatasi ya Gamaliel anaikunja ilivyokuwa. Zote mbili anazitia ndani ya kimfuko anachobebea msumari, kitakachofungwa kwenye kitenge pamoja na bomba kwa ajili ya safari ya Alhamisi.

Mpango wake hauna maneno mengi. Atamwomba mkaguzi avae mkanda uliopakwa, aokote msumari. Kisha avae uliokwanguliwa, aokote tena. Baada ya hapo ataweka karatasi mbili mezani na kumpa Gamaliel kalamu, ageuze ile ya Kifaransa na kuandika nyuma yake kosa lake mwenyewe.

"Kosa yangu nimeisaini minyi mwenyewe," anasema. "Yake, aisaini yeye."

Kisha anamwashiria mlinzi ainuke kwenye kiti, maana mwingine amekwisha ingia mlangoni, naye amejikumbatia tumbo kama mtu anayeumwa. Anafungua shati. Ni mlinzi wa kumi.